Bustani ya Maua Shuleni: Si Pambo, ni Chakula



Mvua zikianza, akina mama wengi hupanda maboga kando ya nyumba. Maboga huota vizuri. Majani huwa mapana na maua ya njano huwa mengi. Kisha vitoto vya maboga huanza kuonekana, na kila asubuhi mama huvitazama kwa furaha. Baada ya siku chache, baadhi ya vitoto hivyo hugeuka rangi, husinyaa, huoza na kuanguka. Mama hujiuliza: "Ni jua? Ni mvua? Au kuna mtu kayatia jicho?"

Wakati mwingine ni ugonjwa, au ni nzi wa matunda aliyetaga mayai. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine. Ua la boga lilifunguka alfajiri, likamngoja mgeni, na mgeni hakuja. Mgeni huyo ni nyuki.

Leo tunataka kueleza habari za mgeni huyo. Tutaeleza pia kwa nini mahali pengi siku hizi watoto wa shule wanapanda bustani za maua ili kumlisha. Tumesikia wazazi wakilalamika: "Mtoto wangu nimempeleka akasome, siyo akapande maua. Kwani maua yanaliwa?" Swali hilo ni la haki. Mzazi anayeuliza hivyo anapaswa kujibiwa, siyo kunyamazishwa.

UA LINA KAZI GANI?

Mmea hauweki ua ili kutufurahisha sisi. Ua ni mahali pa uzazi wa mmea. Ndani ya ua kuna unga laini, mara nyingi wa njano. Unga huo huitwa chavua. Chavua ni mbegu ya kiume. Ili tunda lipatikane, chavua lazima ifike kwenye sehemu ya kike ya ua. Kazi hiyo ya kufikisha chavua huitwa uchavushaji.

Hebu nenda kwenye maboga yako asubuhi na mapema, uangalie. Utaona maua ya namna mbili. Moja lina kikonyo chembamba kirefu, na chini yake hakuna kitu. Hilo ni ua dume. Jingine lina kiboga kidogo chini yake, kikubwa kama gololi. Hilo ni ua jike. Chavua ya boga ni nzito tena inanata, hivyo upepo hauwezi kuibeba. Lazima abebe mtu au mdudu. Tena muda ni mfupi, kwa sababu ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Likifunga bila kupata chavua, kile kiboga kidogo hakiendelei. Huoza.

Nyuki haji kutusaidia. Anatafuta chakula chake. Ndani ya ua kuna maji matamu anayoyatengenezea asali, na chavua yenyewe huwalisha watoto wake. Anapoingia ua dume, unga humshika miguuni na mwilini. Akienda ua jike, unga mwingine hubaki huko. Basi kazi imekwisha. Yeye kapata chakula, na mama atapata boga.

Nyuki hayuko peke yake. Wako nyuki wadogo wasiouma. Wako wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa na kuvuma kwa sauti nene. Wako vipepeo, na nzi wa aina nyingi. Wako nondo, ambao huruka jioni na usiku na kuchavusha mipapai. Ndege mdogo aitwaye chozi hufanya kazi hiyo mchana. Mbuyu huchanua usiku, na popo huutembelea.

MAZAO GANI YANAWATEGEMEA?

Tuseme kweli, siyo mazao yote. Mahindi huchavushwa na upepo. Mpunga nao hauhitaji mdudu. Maharage kwa kawaida hujichavusha yenyewe ndani ya ua lake. Muhogo tunapanda kwa kipande cha mti, na mgomba kwa chipukizi. Kwa hiyo hata nyuki wakitoweka, ugali utakuwapo.

Lakini je, utakula ugali mtupu? Maboga, matango na matikiti maji hayazai bila mdudu. Tena ua moja lahitaji kutembelewa mara kadhaa. Likipata chavua kidogo tu, tunda huota limepinda, upande mmja mnene na upande mwingine mwembamba. Wengi wetu tumeona matango ya namna hiyo sokoni. Bei yake ni ndogo.

Alizeti, wanayoijua sana ndugu zetu wa Singida na Dodoma, ina siri yake. Kile tunachokiita ua moja la alizeti ni mamia ya maua madogo yaliyobanana. Kila ua dogo huzaa mbegu moja. Yale yasiyochavushwa huwa mapepe. Unapeleka gunia mashineni, unapata mafuta kidogo. Ziko mbegu za kisasa zinazoweza kujichavusha, lakini hata hizo hupata faida nyuki wakizitembelea.

Mikorosho ya Mtwara na Lindi huhitaji wadudu. Kakao ya Kyela huchavushwa na visubi wadogo sana, ambao huzaliana kwenye majani na maganda yanayooza chini ya miti. Kahawa nayo huongeza punje nyuki wakiwa wengi.

Mwaka 2007 wataalamu waliangalia mazao makubwa ya chakula 115 duniani. Walikuta kwamba mazao 87 kati ya hayo yanapata faida kutokana na wadudu na wanyama wanaochavusha. Mengi ya hayo ni matunda, mboga na mbegu za mafuta. Hivyo ndivyo vyakula vinavyomlinda mtoto na maradhi, na ndivyo vinavyomletea mama fedha ya chumvi na madaftari.

BILA MDUDU, NI KAZI YA MKONO

Mtu anaweza kusema: "Kama nyuki hayupo, nitachavusha mwenyewe." Inawezekana. Lakini tazama ugumu wake.

Mfano mzuri ni vanila. Mmea huu wa kutia chakula harufu nzuri asili yake ni Meksiko. Ulipopelekwa katika kisiwa cha Réunion, kwenye Bahari ya Hindi mashariki ya Madagaska, ulichanua lakini haukuzaa vizuri. Wadudu wa kwao hawakuwako huko. Mwaka 1841 mtoto mmoja mtumwa, aitwaye Edmond Albius, aliyekuwa na umri wa miaka 12 hivi, alipata njia. Kwa kijiti chembamba na kidole gumba, alikutanisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua. Njia hiyo ikaenea duniani. Utumwa ulikomeshwa Réunion mwaka 1848, lakini yeye hakutajirika kwa ujuzi wake.

Mpaka leo wakulima wa vanila huko Kagera na Uganda hufanya vivyo hivyo, ua moja moja kwa mkono. Ua la vanila hukaa wazi siku moja tu. Mkulima akichelewa, limepotea.

Vanila ina bei, basi mtu huvumilia. Je, nani ataweza kuchavusha kwa mkono shamba la alizeti la ekari 3? Hiyo ndiyo kazi ambayo wadudu wanatufanyia bure.

KWA NINI NYUKI WANA NJAA?

Wadudu hawa hupungua kwa sababu tunazozifahamu. Tunachoma moto mapori. Tunakata miti yenye maua na mapango. Tunafyeka kila kichaka cha mpakani, mpaka shamba la mmoja linagusana na la mwingine. Tena tunanyunyiza dawa za kuua wadudu mchana, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Dawa haijui adui wala rafiki.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaitambui, nayo ni njaa. Shamba la alizeti huchanua majuma machache tu. Kwa siku hizo nyuki wanashiba. Baadaye maua yanakwisha yote mara moja. Je, watakula nini mpaka msimu ujao? Makundi mengine huhama. Wale nyuki wasiokaa katika makundi hufa bila kuacha watoto wa kutosha. Halafu sisi tukipanda maboga mvua zikirudi, tunashangaa wako wapi.

Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita 2 au 3, hata zaidi, kutafuta chakula. Lakini nyuki wadogo hawaendi mbali. Kwa hiyo chakula chao lazima kiwe karibu na mashamba yetu.

KWA NINI WATOTO WA SHULE?

Wako kati yetu wanaokumbuka Elimu ya Kujitegemea, aliyoieleza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Shule zilitakiwa ziwe na mashamba, na watoto wajifunze kwa kutenda. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mahali pengine shamba la shule likawa kazi tupu. Mtoto alishika jembe, alilima, na wala hakuelezwa sababu. Mavuno hakuyaona. Ndiyo maana mzazi akisikia leo "bustani ya shule", moyo wake unaingia wasiwasi.

Sisi twasema hivi: bustani ya maua ikiwa kazi ya kumpa mtoto adhabu, wazazi wana haki ya kuikataa. Lakini ikiwa ni darasa, waikubali. Katika bustani hiyo mtoto hupima kwa hatua, huhesabu miche, huandika tarehe ya kuchanua, na kuona kwa macho yake mambo ya sayansi yaliyoandikwa kitabuni. Tena shule ina eneo, ina mikono mingi, na iko katikati ya kijiji. Wadudu wanaolishwa hapo hawakai hapo tu. Wanakwenda katika mashamba ya wazazi.

NAMNA YA KUANZA

1. Chagueni mahali. Kipande cha hatua 10 kwa hatua 3 chatosha kuanzia. Kiwe juani, mbali kidogo na madarasa na njia ya kupita, lakini karibu na bustani ya mboga.

2. Zungusheni miiba au ua wa miti. Mbuzi hajui kama ni somo.

3. Pandeni maua yanayopishana wakati. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Bustani yenye ua moja ni kama ghala lenye chakula cha wiki mbili. Alizeti huchanua wakati wa mvua. Mbaazi za muda mrefu huchanua mvua zikiwa zimekwisha. Mrehani na kivumbasi huendelea kuchanua vikipata maji kidogo, na nyuki wanavipenda mno. Mlonge huvumilia ukame. Marejea hurutubisha udongo, na maua yake ya njano hupendwa na wale nyuki weusi wakubwa. Giligilani chache msizing'oe. Ziacheni zitoe maua.

4. Mbegu msinunue kama si lazima. Kila mtoto alete konzi moja kutoka nyumbani. Mkipanda maua ya rangi kama zinia, chagueni yale ya tabaka moja. Ua lililojaa tabaka nyingi humzuia nyuki asifike ndani.

5. Maji ya kiangazi yatoke kwenye kibuyu chirizi, pale watoto wanaponawia mikono. Chimbeni mfereji mdogo uelekee bustanini.

6. Wekeni karai au sahani ya maji yenye mawe ndani yake. Nyuki hutua juu ya mawe na kunywa bila kuzama. Badilisheni maji kila siku mbili au tatu, mbu wasije wakazaliana.

7. Acheni kona moja bila kufagia. Tumezoea kufagia uwanja wa shule kila asubuhi hadi udongo ung'ae. Lakini nyuki wengi wasiokaa mizingani huchimba vishimo ardhini na kutaga humo. Wengine hukaa ndani ya mabua makavu na vipande vya mianzi. Fungeni mabua pamoja, myatundike mahali pasiponyesha.

JARIBIO LA MABOGA MATATU

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Tunawaomba walimu walifanye pamoja na wazazi.

Jioni moja, tafuteni maua jike matatu ya boga yatakayofunguka kesho yake. Utayajua kwa rangi ya njano inayoanza kuonekana kwenye ncha. La kwanza lifungeni kwa mfuko wa kitambaa chepesi, mdudu asiingie. Liacheni hivyo mpaka lifunge lenyewe. La pili lifungeni vivyo hivyo, lakini asubuhi na mapema lifungueni, mchume ua dume, mwondoe majani yake ya njano, na kulipakaza unga katikati ya lile ua jike. Kisha lifungeni tena. La tatu msilifunge. Waachieni wadudu.

Tieni alama ya uzi wa rangi kila moja. Ngojeni siku 7, kisha mwangalie. Kwa kawaida la kwanza litakuwa limesinyaa na la pili litakuwa linakua. Na la tatu je? Hilo ndilo litakalowapa habari za kijiji chenu. Likikua, wadudu wapo. Likioza, hasa kama mmejaribu maua kadhaa na mengi yameoza, jueni kuna upungufu. Rudieni kila mwaka na mwandike kwenye daftari. Baada ya miaka michache daftari hilo litasema kama bustani imesaidia au la. Hapo hamtahitaji kuambiwa na mtu.

TAHADHARI

Watoto wafundishwe kutazama nyuki bila kuwapiga wala kuwapulizia. Mtoto ambaye akiumwa na nyuki huvimba mwili mzima au hushindwa kupumua asifanye kazi bustanini. Akiumwa, apelekwe zahanati mara moja. Mizinga ya nyuki wanaouma isiwekwe karibu na shule. Kama mnataka mzinga, nyuki wadogo wasiouma ndio wanaofaa.

Msipande mmea msioujua. Mnanaha, wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba, ni sumu. Watoto wamewahi kudhurika kwa kula mbegu zake. Ung'oeni.

Na nanyi wakulima, kama ni lazima kutumia dawa, msinyunyize zao likiwa limechanua. Ikibidi sana, fanyeni jioni nyuki wakiwa wamerudi kwao. Soma karatasi ya chupa kwanza. Wewe unajua kusoma sasa, na hiyo ni moja ya faida zake. Kopo la dawa lisitumike kumwagilia bustani ya watoto wala kuchotea maji.

TUMALIZE

Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 20 Mei iwe Siku ya Nyuki Duniani. Ilianza kuadhimishwa mwaka 2018. Shule inaweza kuitumia siku hiyo kuwaalika wazazi waje waone bustani na daftari la maboga. Lakini sherehe peke yake haimlishi nyuki. Maua ndiyo yanayomlisha, hasa yale ya kiangazi.

Basi tumjibu yule mzazi. Maua yanaliwa? Ndiyo, ndugu yetu, yanaliwa. Nyuki anayala leo, wewe unayala baadaye yakiwa boga, tikiti, korosho na mafuta ya alizeti. Mtoto wako akipanda maua huku akielezwa sababu, anasoma. Nenda ukamwulize mwalimu ni somo gani linafundishwa pale. Na jioni mwulize mtoto mwenyewe ua jike ni lipi. Akikuonyesha, hajapoteza siku.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Utalitambuaje ua jike la boga?
2. Taja mazao matatu ya kijiji chenu yanayohitaji wadudu, na mawili yasiyohitaji.
3. Katika kijiji chenu, ni miezi gani maua huwa machache? Mnaweza kupanda nini kichanue miezi hiyo?
4. Nani katika kijiji hunyunyiza dawa mchana? Mtazungumza naye namna gani bila ugomvi?
5. Je, watoto wa shule yenu wanaelezwa sababu ya kazi za bustani? Kama hapana, wazazi wafanye nini?